Shemeji, Ulikuwa Mchezo Tu

Shemeji yangu Sefu,

"Ishara zile hazikuwa za mchezo. Zilikuwa ujumbe kwa wapiganaji, na marehemu Sefu alikufa nazo kifuani." Hayo yaliandikwa gazetini wiki iliyopita na mtu unayemfahamu: yule mwalimu mwenzangu aliyekuwa akilinda kituo cha tatu upande wa walimu, aliyeukwepa mpira hata ulipomjia unabingirika. Serikali ya kijeshi imeanguka, askari wake wamekimbia, na kila mtu Kampala amekumbuka ghafla kwamba alikuwa shujaa. Yeye amekumbuka kwamba besiboli yetu ya Jumapili ilikuwa pazia. Kumbe sisi wanaume wa miaka arobaini na kitu, wenye vitambi na magoti mabovu, tulikuwa jeshi la chini kwa chini.

Ni uongo. Ishara zile nilizitunga mimi, na ninajua zilikuwa na maana gani. Kidole kimoja, mpira wa moja kwa moja. Vidole viwili, mpira wa kupinda. Mwandishi yule hakuwa hata katika timu yetu. Tulizitunga ili yeye na wenzake wasizisome, na kwa miaka miwili hakuzisoma, ndiyo maana hakuwahi kuupiga mpira wangu ukapita nyasi za mbele. Leo anawafasiria wasomaji maana yake.

Nimebishana na watu magazetini miaka ishirini, shemeji, na mara nyingi nilibishana kwa sababu napenda kubishana. Safari hii sipendi. Siwezi kumjibu mtu huyu bila kueleza jambo nililokuficha wewe, nawe hupo tena wa kulisikia.

Nianze na begi la turubai. Yule Mmarekani aliyefundisha useremala shuleni kwetu alipoitwa kwao, aliliacha katika chumba cha walimu: glavu za ngozi, marungu matatu, kinyago cha mdakaji, mipira, na kitabu cha sheria chenye picha. Alikuwa ametufundisha mchezo wenyewe mwaka mzima. Aliniambia kwamba kwao wazee huucheza Jumapili na matumbo yao, hakuna anayewacheka. Sikumwamini. Kisha nikakuletea glavu moja dukani kwako Kikuubo, katikati ya majora ya vitambaa. Uliivaa, ukaipiga ngumi, ukainusa.

"Ngozi nzuri hii," ulisema. "Huyu ng'ombe hakufa bure. Mnafanyia nini?"

Tukawa timu tatu. Walimu, wachuuzi wa Kikuubo, na mafundi wa gereji chini ya Papa Kasongo, Mkongo aliyekuwa na mikono kama koleo. Timu mbili zikicheza, ya tatu inaamua na kuchemsha chai. Mimi niliwahama walimu nikaja upande wenu, wakaniita msaliti kwa wiki nzima, lakini mtupaji anamhitaji mdakaji anayemwamini, na mimi nilikuwa nimekwisha kukuamini hata nikakuoza dada yangu. Uwanja ulikuwa ule wa malisho kando ya barabara ya Port Bell, unapoelekea Luzira. Sukari ilikuwa imepotea mjini lakini magunia yake yalibaki, tukayajaza maranda, yakawa vituo vyetu vinne. Unapiga mpira, unakimbia kutoka gunia hadi gunia, ukilizunguka duara lote umefika nyumbani na timu yako imepata alama.

Dada yangu Zainabu, mkeo, alikuja mara moja kututazama. Alikaa kwenye mkeka na vikapu vya chakula, akawatazama wanaume kumi na wanane wakihema, kisha akauliza kwa sauti ya kutosha watu wote kusikia: "Sasa mtu mzima anakimbia, anazunguka, anarudi palepale alipoanza. Amepata nini?"

"Amepata njaa, mama," Papa Kasongo alimjibu. "Funua kikapu."

Ninakuona bado umechuchumaa nyuma ya mpigaji, kinyago usoni, unaongea. Hukunyamaza hata siku moja. Mpigaji ameinua rungu, macho yako kwangu, nawe huko chini unamwuliza taratibu: "Mwalimu, hii suruali umenunua wapi? Si kwangu. Kwangu nisingekuuzia kitambaa hiki, kitachanika Jumatano." Anaitazama suruali, mpira unapita. Papa Kasongo alikushitaki kwa waamuzi. "Huyu muzee iko mchawi," alisema. "Ananizungumuza mupaka nasahau mukono yangu iko wapi." Waamuzi walikuwa walimu. Wakapekua kitabu cha sheria ukurasa kwa ukurasa, wasione mahali panapomkataza mdakaji kuzungumzia nguo.

Na siku ile ulipoupiga ukavuka barabara. Tulikuwa na sheria yetu wenyewe: mpira ukivuka barabara ni vituo viwili tu, mkimbiaji anasimama, kwa sababu hatukutaka mtu agongwe na lori kwa ajili ya kuuokota upesi. Ulifika kituo cha pili ukaipita sheria. Watu wote walikupigia kelele usimame. Ulikwenda cha tatu umeshika kiuno, ukaja nyumbani karibu kwa kutembea, ukasimama juu ya gunia huku jasho linakutiririka mpaka kwenye viatu.

"Andikeni mnavyotaka," ulisema. "Mimi nimefika."

Hatukukuandikia alama. Ukacheka hadi tukala.

Sasa daftari. Lilikuwa langu, nalo ndilo kosa langu la kwanza, kosa la mtu aliyesoma vitabu vingi. Kidole kimoja na viwili vingetutosha. Lakini nilimwona mwandishi wetu wa wiki iliyopita akikodoa macho kila zamu yao ya kupiga ilipofika, nikaamua kumshinda kwa akili. Nikabuni kwamba ukigusa sikio, ishara inayofuata ni ya uongo. Ukigusa mkanda, rudi kwenye ile ya kwanza. Duru ya tano ikianza, yote yanageuka. Wewe ulishika kichwa.

"Shemeji, mimi kichwa changu ni cha vitambaa. Hayo yako mpe mtu wa chuo kikuu."

"Nitakuandikia," nilisema.

Nikakuandikia, katika daftari la shule. Nikachora mikono: kiganja, vidole, sikio. Nikachora uwanja na vituo vinne, mishale ya kuonyesha nani akimbilie wapi, na kando yake barabara ya Port Bell, kwa ajili ya sheria yetu ya vituo viwili. Niliifanya michoro hiyo kwa uangalifu kwa sababu hukupenda kusoma maandishi ya Kizungu. Ulisomea chuoni, chuo cha Kurani, kama baba yako na babu yako, na uliandika kwa herufi za Kiarabu. Ukalitia mfuko wa ndani wa koti, ukawa unajifunza njiani kama mtoto wa mtihani.

Fikiria daftari hilo mikononi mwa askari wa enzi ile. Sikulifikiria mimi. Nilikuwa nimeacha kufikiria mambo ya aina hiyo, ndivyo nilivyoishi. Katika miaka yote ile mimi, mtu wa maneno makali, niliandika magazetini juu ya usafi wa masoko.

Jumapili ile tulimaliza mapema. Mimi nilipata nafasi katika gari la mmoja wa walimu, nikapakia begi zima: glavu, marungu, mipira, kitabu cha sheria. Wewe ulipanda pikapu ya Papa Kasongo. Sisi tulipita njia nyingine. Ninyi mkakuta kizuizi.

Papa Kasongo walimwachia baada ya saa moja kwa sababu alikuwa fundi wa gari la mkubwa wao. Alikuja kwangu moja kwa moja na nguo zake za mchezo, akakataa kuketi, akanieleza akiwa wima mlangoni. Askari alikupekua, akalitoa daftari, akalifungua.

"Hii kitabu ya nani?"

"Yangu, afande," ulisema.

"Hii barabara nachora ya nini?"

"Ni mchezo, afande. Mpira ukivuka barabara ni vituo viwili."

"Mpira iko wapi?"

Mpira ulikuwa kwangu, shemeji. Ulikuwa ndani ya begi, kwenye sakafu ya sebule yangu, wakati Papa Kasongo akinieleza. Walikupa kalamu wakakuambia uandike mstari mmoja, walinganishe mwandiko. Ukaandika kwa herufi za Kiarabu. Sasa walijua kwamba daftari si lako, wakakuuliza tena ni la nani, nawe ukasema tena ni lako. Katika yote uliyowaambia, huo ndio uongo pekee, na uliusema kwa ajili yangu.

"Wewe mwalimu," Papa Kasongo aliniambia, "kwenda sasa. Chukua mupira, chukua kitabu ile ya picha. Waonyeshe. Ni dakika tano."

Alikuwa sahihi. Kitabu cha sheria kilikuwa na picha ya mdakaji amechuchumaa na vidole viwili chini, picha ileile niliyoinakili katika daftari. Kilikuwa na uwanja uleule na vituo vinne. Mtu yeyote mwenye macho angeviweka viwili hivyo sambamba akacheka. Pengine wasingecheka. Pengine wangetuweka ndani sote wawili. Sitajua, kwa sababu sikwenda.

Nilivaa koti. Nilitoka na begi mpaka kwenye mzunguko wa magari, nikaviona vibao vya njia, nikasimama hapo kwa muda ambao mtu angeweza kunywa chai. Kisha nikarudi. Kesho yake Zainabu alihamia kwangu kwa siku chache, akaniuliza, "Kaka, umekwenda?" Nikamwambia nimetuma mtu mwenye uzito, na kwamba mimi nikienda nitaharibu. Alinitazama. Asubuhi ile, alipokwenda kuoga, nilivuta sigiri ya jikoni, lile jiko la mkaa, nikakichana kitabu cha sheria, nikakichoma ukurasa kwa ukurasa. Kilikuwa kitabu cha Wamarekani, na nilijiambia kwamba wakija kupekua kitatuangamiza sote. Begi na vilivyomo nilivitupa katika choo cha shimo. Nilipomaliza sikuwa na mpira, sikuwa na picha, sikuwa na kitu cha kuthibitisha kwamba mume wa dada yangu alikuwa akisema kweli. Nikaona nafuu. Ninaandika neno hilo kwa sababu ndilo lililokuwamo: nafuu.

Nawe huko ndani, siku baada ya siku, uliwaambia ni mchezo. Walikutaka useme ni ujumbe. Walikutaka utaje wa kuupokea. Ungesema hivyo wangekuacha, au wangekuua, lakini wangeacha kukuuliza. Uliendelea kusema ni mchezo.

Ulirudi baada ya miezi minne. Nilisikia mchana, nikaja nyumbani kwenu Lubaga alasiri. Ulikuwa umekaa kwenye kiti cha uani, kanzu inakuning'inia, mkono wa kulia umeulaza mapajani. Ule mkono ulioshika glavu kwa mara ya kwanza dukani haukufunguka tena sawasawa mpaka ulipokufa. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima. Nilikuwa na hoja, na hoja zangu huwa nzuri. Wewe hukunipa nafasi. Ulinitazama ukasema kabla sijaketi:

"Ulikuwa unaumwa, shemeji?"

"Ndiyo," nikasema. "Homa."

"Nilijua tu. Homa ya mwaka huu ni mbaya. Zainabu, mletee kaka yako chai."

Ndivyo tulivyomaliza jambo lile. Ulinipa kisingizio kwa mkono wako mwenyewe nami nikakipokea kama mtu anavyopokea kikombe. Kwa muda wote uliobaki, kabla moyo haujakusimama pale dukani, hatukulizungumza. Tulizungumza vitambaa. Mara moja tu, tukipita kwa miguu karibu na uwanja, ulisimama ukatazama ng'ombe wakila majani mahali palipokuwa na magunia yetu, ukasema, "Ile siku nilivuka barabara. Mngeniandikia tu." Nikacheka. Ungeniuliza lolote wakati ule ningekuambia, nadhani. Ninasema nadhani kwa sababu nimejifunza kutojiamini.

Gazeti lilipotoka wiki iliyopita, Zainabu alikuja nalo kwangu amelikunja kwapani. Wamemwambia jina lako litaingizwa katika orodha ya mashujaa itakayosomwa hadharani, na kwamba yeye atapewa kiti cha mbele. Watu wanampongeza njiani. Alilitupa gazeti mezani.

"Mume wangu walimvunja mkono kwa sababu alisema kweli," alisema. "Sasa hawa wanasema wale askari ndio waliokuwa wakweli, yeye alikuwa mwongo. Na wananiletea kiti."

Shemeji, sijawahi kuandika hoja iliyo safi namna hiyo. Mwandishi wetu anadhani anakupamba. Anachofanya ni kutia sahihi chini ya mashitaka yako. Askari pale kizuizini alisema daftari ni ujumbe, na msomi huyu leo anasema vivyo hivyo, kwa maneno mazuri zaidi. Ukishakubali hivyo, basi walikukamata kwa haki yao, walikuuliza swali la haki, na mtu aliyekaa nyumbani akichoma kitabu alikuwa mwenzako katika siri kubwa, si mwoga. Ninaona kwa nini uongo huu unapendeza. Unanisafisha hata mimi. Ningenyamaza, ningekuwa shujaa nambari mbili katika orodha hiyo, mtungaji wa ishara.

"Andika wewe," Zainabu aliniambia. "Mdomo unao siku zote."

Nikaandika. Na kabla sijaipeleka barua hii nilimsomea yeye, kwa sababu sikutaka akisome kisa cha sigiri gazetini pamoja na watu wa sokoni. Nilisoma mpaka pale nilipochana kitabu, nikaishia hapo. Yeye alikuwa akichambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Nani aliyazoa majivu yale, kaka?" aliuliza.

Nikaikunja barua.

"Mimi ndiye niliyewasha sigiri ile kupika uji, ulipokwisha kutoka. Mkaa hauachi majivu mepesi vile. Kulikuwa na kipande kimebaki pembeni."

Aliweka ungo chini, akaingia chumbani, akarudi na mkebe wako wa vifungo, ule wa dukani. Ndani yake, chini ya vifungo, kulikuwa na kipande cha karatasi cha ukubwa wa kiganja, kimeungua kingo. Kina picha ya mkono. Vidole viwili chini.

"Alikuwa akijua?" niliuliza.

"Nilimwonyesha siku aliyorudi. Asubuhi. Wewe ulikuja alasiri."

Nimekaa na saa zile chache tangu siku hiyo, shemeji, kati ya asubuhi yako na alasiri yangu. Ulikuwa umekwisha kukishika kipande kile kwa mkono wako uliobaki mzima. Ulijua sikuumwa. Ulikaa uani ukaningoja nije, ukalipanga swali lako, ukalisema kwanza ili nisiwe na haja ya kusema langu. Nilidhani nimekudanganya. Kumbe ulinifichia mara ya pili, kama ulivyonifichia kizuizini. Nami nikaomba na sukari katika ile chai.

Siwezi kukurudishia mkono. Siwezi kwenda sasa pale nilipopaswa kwenda Jumapili ile. Kitu kimoja tu ninaweza, nacho ni kidogo: kusema ulichosema, mahali watu wanaposikia, kwa jina langu. Ulikuwa mchezo. Daftari lilikuwa langu. Mpira ulikuwa kwangu. Lala, shemeji. Na ile ya kuvuka barabara nimekuandikia, alama moja, iko hapa.

Sasa ninyi. Wewe uliyelinda kituo cha tatu, futa maneno yako katika gazeti lilelile, ukurasa uleule, kabla orodha haijasomwa. Papa Kasongo, kama bado uko mjini hapa au umevuka kwenda kwenu, leta ushahidi wako, kwa mdomo au kwa barua. Na ninyi nyote mliobaki wa timu zile tatu, mliokula kwenye vikapu vya Zainabu na mkaukacha mlango wake kwa miezi minne kama nilivyoukwepa mimi mzunguko wa magari: Jumapili hii alasiri atakuwa uani kwake Lubaga, na kipande kile kitakuwa mezani. Njooni mmoja mmoja, msimame mbele yake, mseme kwamba mume wake alisema kweli. Mimi nitakuwa wa kwanza. Msije na homa.

Shemeji yako, mtupaji